Maswali ya Wasomaji: Kilainishi Gani cha Kuvalia Viatu vya Wekibodi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimenunua ubao wa wekibodi (mchezo wa kuteleza majini ukiwa umesimama juu ya ubao, huku boti ikikuvuta kwa kamba) uliokwisha kutumika, na viatu vyake ni vya mtindo wa zamani: mpira mzito unaobana mguu mzima, sehemu ya vidole iko wazi, na hakuna kamba wala mikanda ya kulegeza. Kuvivaa ni kazi ya kutoa jasho. Kwenye boti kila mtu ana dawa yake. Mmoja hunipa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, wa pili haambiliki kuhusu kondishena yake ya nywele, wa tatu ana kopo la mafuta ya mgando, na wa nne amekuja na silikoni ya kupuliza. Naomba mnieleze kipi kinafaa na kipi kitaniharibia viatu. Tena, maji tunayochezea ni yaleyale tunayoogelea. Je, kuna ubaya wowote kuyamwagia vitu hivi?

JIBU: Ndugu msomaji, kati ya hao wanne hakuna hata mmoja ambaye ningekushauri umfuate moja kwa moja, ingawa mwenye sabuni hajapotea sana. Kilainishi cha viatu vya wekibodi kina kazi ya nusu dakika tu. Kisigino kikishapita kwenye shingo ya kiatu na kukaa mahali pake, utelezi wote unapaswa kuondoka, kwa sababu kuanzia hapo unachohitaji ni mguu ulioshikwa barabara. Kwa hiyo kinachofaa zaidi ni jeli ya maji, yaani ile ambayo kiambato chake cha kwanza kwenye lebo ni maji, kikifuatwa na glisarini au kitu kingine cha kuyafanya maji yawe mazito, na ambayo haina mafuta wala silikoni ndani yake. Jeli nyingi zinazouzwa mahususi kwa viatu vya mbao za majini ni za aina hii. Zisipopatikana, jeli inayopakwa tumboni wakati wa kipimo cha ultrasound hufanya kazi hiyohiyo, na kadhalika jeli ya maji inayouzwa katika maduka ya dawa kwa ajili ya faraja ya chumbani. Mwenye duka hatakuuliza unakwenda kuipaka wapi.

Ili uone kwa nini maji matupu hayatoshi, angalia mahali mguu unapokwama. Haukwami vidoleni wala kwenye wayo. Unakwama pale ambapo mzingo wake ni mkubwa kuliko popote, yaani ukipima kutoka ncha ya nyuma ya kisigino, kuzunguka hadi kwenye mkunjo wa mbele wa kifundo. Mzingo huo wote lazima upite kwenye shingo ya kiatu ambayo imekatwa kwa kipimo cha sehemu nyembamba iliyo juu ya kifundo. Mpira unavutika, unaminya ngozi kwa nguvu, na chochote chepesi kilichokuwa katikati yao kinakamuliwa kando. Maji hukamuliwa papo hapo, lakini jeli, kwa kuwa ni nzito, hukawia kuondoka, na huko kukawia kwa sekunde chache ndiko unakokulipia. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui: ngozi yenye unyevunyevu hung'ang'ania mpira kuliko ngozi kavu kabisa, na kuliko ngozi iliyolowa chepechepe. Mtu aliyejipangusa nusunusu baada ya kutoka majini ndiye hupata tabu kuliko wote, naye hudhani miguu yake imevimba.

Sasa tuje kwenye mafuta ya mgando, maana hapa ndipo viatu vingi vinapomalizika. Mafuta hayo hutokana na mafuta ghafi yanayochimbwa ardhini, na vitu vya jamii hiyo, pamoja na grisi, mafuta ya mashine na mafuta ya madini yanayowekwa katika losheni nyingi za mwili, hupenya ndani ya mpira wa asili, huuvimbisha na kuulegeza hadi unapoteza nguvu ya kurudi ukishavutwa. Atatokea mtu akuambie kwamba viatu vyako ni vya neoprini, yaani mpira wa kutengenezwa kiwandani, wala si vya mpira wa asili, na kwamba neoprini haiogopi mafuta. Ana hoja kiasi. Neoprini ilipatikana katika maabara za kampuni ya DuPont huko Marekani mwaka 1930, na moja ya sifa zilizoipa soko ni kwamba ilistahimili mafuta kuliko mpira wa asili. Lakini kustahimili zaidi hakumaanishi kutodhurika, na neoprini ya viatu si bamba gumu kama lile la kwenye mashine, bali ni sponji yenye vijitundu vingi vya hewa. Zaidi ya hayo, kiatu cha wekibodi si kitu kimoja. Kuna neoprini, kuna sponji nyingine chini ya wayo, kuna mpira wa nje, kuna kitambaa, na kinachoviunganisha vyote hivyo kwa sehemu kubwa ni gundi. Gundi ndiyo hushindwa kwanza. Mafuta yakishaingia kwenye maungio, ukingo wa kiatu huanza kubanduka kidogokidogo, na hakuna gundi mpya itakayoshika mahali palipokwisha kunywa mafuta mpaka pasafishwe kwa bidii.

Kwa sababu hiyohiyo, angalia na mafuta ya kujikinga na jua. Wengi huyapaka mwili mzima hadi kwenye vidole vya miguu dakika chache kabla ya kuvaa ubao, halafu wanashangaa viatu vimekuwa na utando unaonata. Sehemu ya mguu itakayokaa ndani ya kiatu haihitaji kinga hiyo wakati wa kucheza. Ipake ukishavua.

Silikoni ni kesi tofauti kidogo. Silikoni haiidhuru neoprini, na wauzaji wake husema kweli wanapodai hivyo. Ubaya wake ni kwamba haiondoki. Maji hayaiyeyushi, kwa hiyo ukishapuliza ndani ya kiatu, utelezi uliokusaidia kuingia utabaki nawe ukiwa kwenye mawimbi, utabaki siku inayofuata, na utahamia kwenye viganja, kwenye mpini wa kamba na kwenye sakafu ya boti ambako wenzako wanatembea peku. Ukitaka baadaye kubandika sehemu iliyobanduka, gundi nayo itakataa kushika. Tena makopo ya kupuliza mara nyingi huwa na viyeyushi vya kusukumia silikoni nje, na viyeyushi hivyo havina urafiki na gundi. Mwambie mwenzako wa nne kopo lake lina kazi nyingine nyingi nzuri, lakini hii si mojawapo.

Kondishena ya nywele inateleza vizuri sana, na ndiyo maana mwenye nayo haambiliki. Haina povu jingi, haiwashi machoni kama sabuni, na mguu unaingia kwa ulaini. Hata hivyo soma lebo yake, utakuta mara nyingi ina silikoni ileile tuliyoikataa hapo juu, pamoja na viambato vilivyoundwa makusudi ving'ang'anie unywele hata baada ya kusuuzwa. Kitu kilichotengenezwa ili kisisuuzike chote hakiwezi kuwa kilainishi cha nusu dakika. Lakini hoja nzito zaidi ni ya maji yenu. Viambato hivyo vya kung'ang'ania viko katika kundi la kemikali zenye chaji chanya, ambazo kwa viumbe wa majini, kuanzia mwani na vijidudu hadi samaki, ni sumu kuliko viambato vya sabuni nyingi za kawaida. Kama kiasi kinachotoka kwenye jozi moja ya viatu ni kidogo, kiasi kinachotoka kwenye boti nzima msimu mzima, katika ghuba ileile ndogo, si kidogo hivyo.

Sabuni ya kuoshea vyombo hailegezi mpira, na huondoka kwa maji. Kasoro zake ni tatu, na si za uzito mmoja. Ya kwanza ni kwamba imetengenezwa ili iondoe mafuta kwenye masufuria, kwa hiyo inaondoa na mafuta ya asili ya ngozi yako. Ukiitumia mara kwa mara, visigino vinakauka na kupasuka, na mahali palipochubuliwa na kiatu panawaka moto. Ya pili ni kwamba ikikaukia ndani ya kiatu huacha utando unaonata, na safari inayofuata unalazimika kupaka nyingi zaidi ili kuushinda. Ya tatu, iliyo kubwa, ni kwamba sabuni huharibu utando laini wa matamvua ambao samaki huvutia hewa, na huondoa ute unaomkinga samaki mwilini. Ukilazimika kutumia sabuni, chukua shampuu ya watoto, ambayo ni pole zaidi kwa ngozi na macho, uizimue kwa kipimo kimoja cha shampuu kwa vinne au vitano vya maji, uitie kwenye chupa ya kuminya, na uvae viatu ukiwa nchi kavu, mbali na ukingo.

Umeuliza kuhusu kuyamwagia maji, na najua mtu atakuonyesha chupa iliyoandikwa kwamba bidhaa huoza yenyewe. Maneno hayo ni ya kweli, ila hayasemi unachofikiri. Katika jaribio la OECD (shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo) linalotumika sana kupima sifa hiyo, vijidudu hupewa siku 28 kuimeng'enya bidhaa, na inatosha wakimeng'enya sehemu yake kubwa. Samaki anayepita chini ya boti yako asubuhi ileile hana siku 28 za kusubiri. Bidhaa kama hizo zimekusudiwa zimwagwe ardhini, ambako udongo na vijidudu vyake huzishughulikia, na kanuni inayofundishwa sana kwa watu wa kambi ni kusogea takriban mita 60 kutoka majini kabla ya kumwaga maji yoyote yenye sabuni. Jeli ya maji yenye glisarini na unga wa selulosi (kiambato cha kuongeza uzito kinachotokana na mimea) haina ukali wa sabuni, kwa kuwa haina kazi ya kuvunja mafuta, na hii ni sababu nyingine ya kuipendelea. Hata hivyo haina maana umimine chupa nzima.

Kama mnacheza baharini, kuna tofauti moja ya kufahamu kabla ya kununua. Jeli nyingi za ultrasound hufanywa nzito kwa kiambato kiitwacho kaboma, na kaboma haiwezani na chumvi. Weka tone la jeli hiyo kiganjani, nyunyizia chembe chache za chumvi, kisha chezesha kwa kidole: uzito wote unalegea mbele ya macho yako na tone linatiririka kama maji. Jasho lenye chumvi nyingi huilegeza kwa namna hiyohiyo, ingawa polepole. Maana yake ni kwamba ukilowanisha kiatu kwa maji ya bahari halafu ukapaka jeli ya kaboma, umeiua kabla haijafanya kazi. Lowanisha kwa maji baridi yasiyo na chumvi uliyobeba kwenye chupa, vaa, kisha shuka baharini, na hapo chumvi itakufanyia hisani ya kuiondoa haraka. Jeli zinazofanywa nzito kwa selulosi huvumilia chumvi vizuri zaidi, na lebo hutaja ni ipi.

Sasa namna ya kupaka, maana kilainishi kizuri kikipakwa vibaya hakina tofauti na kibaya. Boti iwe imezimwa injini kabisa. Usikae kwenye jukwaa la nyuma ukivaa viatu huku injini inanguruma, kwa sababu ya rafadha na kwa sababu ya moshi wake wenye gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu na hukusanyika hapohapo nyuma. Mwagia maji ndani ya kiatu na juu ya mguu hadi vilowe kweli. Jeli ya kujaa kijiko kimoja cha chai inatosha mguu mmoja. Ipake nyuma ya kisigino, pande zote mbili za kifundo, kwenye mkunjo wa mbele, na kwenye ukingo wa ndani wa shingo ya kiatu. Chini ya wayo usipake hata tone, kwani hapo ndipo mguu unapozungumza na ubao. Nyosha vidole vya mguu mbele kama unayetaka kugusa ukuta kwa ncha zake, sukuma mpaka vidole vitokeze kwenye uwazi wa mbele, halafu shika kitanzi cha nyuma kwa mkono mzima na ukivute juu huku ukikandamiza kisigino chini. Usivute ukingo mwembamba wa neoprini kwa kucha wala kwa ncha za vidole viwili. Mipasuko mingi ya viatu vya aina hii huanzia pale, na kilainishi hulaumiwa bure.

Ukishaingia, zungusha kifundo kidogo ili hewa iliyonaswa itoke, kisha tumbukiza ubao majini uuchezeshe kabla ya kuashiria boti iondoke. Uwazi wa vidole upo, pamoja na mengine, ili maji yapite na kusuuza. Suuza na mikono. Nimeona mara nyingi watu wakijali miguu na kusahau viganja, halafu mpini unawachomoka boti inapovuta kwa mara ya kwanza, na lawama zinamwendea dereva.

Kuna njia moja isiyohitaji kilainishi chochote, nayo inafaa sana kwa viatu kama vyako vyenye uwazi mbele. Chukua mfuko mwembamba wa plastiki, uvae mguuni kama soksi, ingiza mguu kiatuni. Plastiki huteleza juu ya neoprini bila taabu, na mguu ukishakaa unauvuta mfuko utoke kupitia uwazi wa vidole. Kwa viatu vilivyofunikwa mbele haiwezekani, kwa kuwa mfuko utabaki ndani. Ukiutumia, hakikisha una mahali pa kuuweka kwenye boti, usije ukapeperushwa majini.

Kuvua kunahitaji ulaini uleule, lakini mara nyingi maji yaliyomo kiatuni yanatosha. Kinachozuia mguu usitoke ni mnyonyo wa hewa. Ingiza vidole viwili nyuma ya shingo ya kiatu, uivute kando hadi usikie maji yakiingia, kisha inua kisigino. Msaidizi akivuta ubao wakati mnyonyo bado upo, anauvuta mguu wako na goti lako pamoja.

SWALI: Mimi nina viatu vya kisasa vya kamba. Ninapaka sabuni nyingi ili niingie kwa urahisi, lakini kisigino huinuka ninapoegemea mbele, na siku chache zilizopita mguu mmoja ulichomoka kabisa nilipoanguka. Je, nitafute kilainishi kisichoteleza sana?

JIBU: Ndugu msomaji, acha kwanza habari ya kilainishi, tuzungumze kuhusu ule mguu uliochomoka. Viatu vya wekibodi, tofauti na vile vya kuteleza kwenye theluji kwa mbao mbili, havina mtambo wa kujifungua mtu anapoanguka. Vimeundwa kwa matarajio kwamba miguu yote miwili itabaki ndani kwa pamoja. Mguu mmoja ukitoka na mwingine ukabaki, ubao mzima unageuka kuwa wenzo unaolisokota goti la mguu uliobaki, na majeraha mabaya ya goti na kifundo hupatikana kwa namna hiyo. Kwa hiyo jambo lililokutokea si usumbufu mdogo wa kuvumiliwa.

Viatu vya kamba viligunduliwa, pamoja na sababu nyingine, ili watu waondokane na kupaka sabuni. Ukilegeza kamba zote mpaka chini kabisa, si zile mbili za juu tu kama wengi wanavyofanya, ukavuta ulimi mbele na kulowanisha mguu, unapaswa kuingia kwa maji matupu. Kama bado huingii, huenda kitambaa cha ndani cha neoprini kimejikunja kisiginoni. Kinyooshe kwa mkono kwanza. Kama hata baada ya hapo unahitaji sabuni ili uingie, na bado kisigino kinainuka ukishaingia, basi umbo la kiatu hilo haliendani na umbo la mguu wako: shingo ni nyembamba na kisigino ni kipana. Hali hiyo hutokea, na haina dawa ya kupaka.

Fanya jaribio hili ukiwa nchi kavu, bila kilainishi chochote. Vaa, kaza kamba kuanzia vidoleni kwenda juu, simama kwenye ubao uliowekwa juu ya nyasi au zulia, kunja magoti kidogo na uegemee mbele hadi goti lipite ncha za vidole. Kisigino kikiinuka zaidi ya unene wa kidole, kiatu ni kikubwa au sponji yake ya ndani imelala kwa kutumika sana. Kumbuka pia kwamba viatu vyenye uwazi mbele hutengenezwa kwa masafa ya saizi kadhaa, na aliye kwenye ncha ya chini ya masafa hayo huhisi ulegevu hata kiatu kikiwa kipya.

Ikiwa unasubiri kununua vingine, tumia maji peke yake, na usicheze na kiatu ambacho unajua kinachomoka.

SWALI: Binti yangu ana umri wa miaka tisa na ana ukurutu miguuni. Anapenda sana mchezo huu, lakini viatu vya ubao wake vinambana na wenzake wanampa sabuni ya vyombo apake. Nimpe nini badala yake?

JIBU: Mama, sabuni ya vyombo msimpe kabisa. Ngozi yenye ukurutu tayari imepungukiwa na mafuta yake ya kinga, na sabuni huyaondoa hata yaliyobaki, halafu mpira unabana juu yake kwa dakika nyingi huku jua linawaka. Mpatie jeli ya maji isiyo na manukato wala rangi. Siku moja kabla, mpake kidogo upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko, na umwangalie hadi kesho yake. Pakiwa pekundu au pakiwasha, tafuta nyingine. Akitoka majini, miguu isuuzwe kwa maji safi, ipanguswe kwa kugandamiza taulo bila kusugua, na mafuta yake ya ngozi aliyopewa na daktari apakwe baada ya kuvua viatu, sio kabla, kwa ajili ya ngozi na kwa ajili ya viatu vyenyewe. Wakati ukurutu umefunguka na kutoa maji, apumzike na mchezo huu.

Soksi nyembamba za kitambaa cha nguo za kuogelea zinaweza kumsaidia zaidi kuliko jeli yoyote, kwa kuwa zinateleza zikilowa na pia zinaikinga ngozi isisuguane na neoprini. Baadhi ya watu hupata mzio wa kemikali zinazotumika kutengeneza neoprini yenyewe, na dalili zake hufanana na ukurutu. Kama vipele vinafuata mpaka wa kiatu kama vilivyochorwa kwa kalamu, mweleze daktari hivyo.

Swali langu kwako ni moja: viatu hivyo vilinunuliwa lini? Mtoto wa umri huo miguu yake inakua upesi, na viatu vya watoto kwa kawaida vina mikanda mipana inayofunguka, ili aingie na kutoka bila msaada. Kikimbana hata mikanda ikiwa imefunguliwa yote, kimeshakuwa kidogo.

SWALI: Sikujua, na kwa msimu mzima nimekuwa nikipaka mafuta ya mgando. Viatu vyangu bado vinavalika, ila vinanata kwa ndani na kuna mahali pameanza kufunguka. Je, vinaweza kuokolewa?

JIBU: Ndugu msomaji, huenda vikaokolewa, ikiwa neoprini bado hurudi ukiivuta na kuiachia. Hapa ndipo sabuni ya vyombo inapopata heshima yake. Fungua viatu kutoka kwenye ubao, vijaze maji ya uvuguvugu, yasiwe ya moto kwani joto hulegeza gundi, tia sabuni, na usugue ndani kwa brashi laini, hasa kwenye mishono na maungio. Mwaga, suuza, rudia. Mafuta yaliyokwisha kuingia ndani hutoka taratibu, kwa hiyo usishangae vikinata tena baada ya kukauka, osha tena. Maji hayo yamwagwe kwenye sinki au karo. Usishawishike kutumia petroli, mafuta ya taa au kiyeyushio cha rangi ili kuharakisha kazi, kwa kuwa vitamaliza kile ambacho mafuta ya mgando yameanza.

Vikaushe kivulini penye upepo, vikiwa vimefunguliwa wazi. Jua kali huikakamaza neoprini na kuipasua nyufa, na ndani ya gari lililofungwa juani joto hupanda kiasi cha kuirudisha gundi kwenye ulaini. Vikikauka kabisa, chunguza mahali palipofunguka. Pakiwa ni kwenye ukingo wa juu au kwenye pambo la nje, gundi ya neoprini inayopakwa pande zote mbili, ikaachwa ikauke kidogo, kisha zikagandamizwa, itashika, alimradi mafuta yameisha. Lakini mpasuko ukiwa kwenye kisigino, au pale sehemu ya juu inapoungana na bamba lililofungwa kwenye ubao, hapo ndipo nguvu yote ya kuanguka inapopita, na gundi ya nyumbani haitoshi. Viatu hivyo viweke kando hadi fundi anayevijua avione, na ukifungua bamba, kagua na skrubu zake kama zimeingia kutu au nyuzi zake zimelika.